Kitambaa cha msaada kichambuliwe kwanza

Mhariri,

Tunawaomba wanaoleta vitambaa vya msaada kwa vikundi vya akina mama vinavyoshona mifuko ya sokoni hapa Mtwara watenge fedha ya kuchambua na kufua kabla ya kununua cherehani. Robota la mabaki huja mchanganyiko: jinzi, tisheti, mapazia, shuka. Vikikatwa pamoja, kazi imeharibika kabla ya kushonwa.

Asiyejua kitambaa kwa kukishika achomoe nyuzi mbili tatu azichome. Pamba hunuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini. Poliesta huyeyuka na kubaki kidonge kigumu. Pamba ifuliwe kabla ya kukatwa kwa sababu hurudi. Ikiungwa mbichi na poliesta, mfuko utajikunja ukifuliwa mara ya kwanza. Tisheti inataka sindano ya ncha butu, la sivyo mshono unaruka. Jinzi ni namba 16, na pale mishono inapopandana gurudumu lizungushwe kwa mkono, maana mguu ukiharakisha sindano inakatika.

Vipande vidogo visitupwe. Mraba wa sentimita 12, ukitoa sentimita 1 ya mshono kila upande, unabaki 10. Miraba 32 inatosha pande mbili za mfuko wa sokoni, sentimita 40 kwa 40. Mshono ukizidi milimita 1 tu, kila mraba unapungua 2. Mstari wa minne unapotea karibu sentimita nzima na pembe hazikutani. Kigezo kiwe kadibodi ngumu. Anayekatia kwa kufuatisha kipande kilichotangulia atashangaa cha ishirini kimenenepa.

Cherehani za huku pwani zinashika kutu upesi. Mafuta ya nazi, ambayo wengi huyakimbilia, yanaganda ndani na kuifanya mashine nzito. Ni mafuta ya cherehani tu.

Kuhusu soko: mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Juni 2019, lakini mifuko mbadala ya bei poa imeshajaza nafasi. Wa kushona hauiwezi kwa bei, ushinde kwa uimara. Mpini ushikizwe kwa mshono wa mraba wenye msalaba ndani. Wa mstari mmoja hufumuka viazi vikiingia.

Na vikundi vinavyokopa halmashauri, katika ile asilimia 4 ya mapato yake ya ndani inayotengwa kwa mikopo ya wanawake, viombe marejesho yafuate msimu wa korosho. Mfuko ulioshonwa Machi unaweza kumngoja mnunuzi hadi Oktoba, fedha za korosho zinapoanza kuingia.

Mafundi wa ushonaji,
Mtwara