Mto Klamath: ni idara ipi iliyobomoa mabwawa?

Mhariri,

Makala yenu kuhusu kubomolewa kwa mabwawa manne ya Mto Klamath, nchini Marekani, yalieleza kwamba serikali ya nchi hiyo iliamua kuwarudishia samaki mto wao hata kama wakulima wangekosa maji. Naomba nafasi ya kuirekebisha kauli hiyo. Nimefanya kazi ya maji Usangu, hapa Tanzania, ambako bodi ya bonde hutoa vibali, hifadhi ya taifa huhesabu viboko waliobaki madimbwini na Bwawa la Mtera husubiri kitakachofika, na ninajua kwamba anayesema "serikali" katika habari ya mto bado hajasema ni nani hasa.

Klamath huanzia kusini mwa jimbo la Oregon, ikakata milima na kuingia Bahari ya Pasifiki kaskazini mwa California, mwendo wa zaidi ya kilomita 400. Katika mwendo wote huo hakuna idara ya shirikisho iliyokabidhiwa mto wenyewe. Bureau of Reclamation, idara ya shirikisho ya miradi ya maji, ambayo mradi wake wa umwagiliaji uliidhinishwa mwaka 1905, ndiyo inayoshika malango ya ziwa lililo mwanzoni mwa mto na mfereji mkuu wa wakulima. Idara ya Samaki na Wanyamapori imo katika wizara hiyohiyo ya Mambo ya Ndani (ambayo kule haihusiki na polisi, bali na ardhi na maliasili), nayo inawalinda aina mbili za samaki wa ziwani ambao Waklamath, kabila la wenyeji wa huko, huwaita c'waam na koptu, waliotambuliwa kisheria mwaka 1988 kuwa wamo hatarini kutoweka. Samoni aina ya coho, ambaye sehemu ya maisha yake huipitisha baharini, yuko chini ya idara ya uvuvi ya Wizara ya Biashara, na ulinzi wake wa kisheria ulianza mwaka 1997. Samaki wa juu huhitaji maji yabaki ziwani, wa chini huhitaji yateremke, na mkulima wa viazi aliye katikati huhitaji yaingie mferejini, na wote watatu wanazungumzia maji yaleyale.

Sheria ya mwaka 1973 ya kulinda viumbe walio hatarini inaitaka Bureau of Reclamation ipate kwanza maoni ya idara hizo mbili za samaki kabla ya kugawa maji. Katika ukame wa mwaka 2001 maoni hayo yalipotolewa, sehemu kubwa ya mradi ilinyimwa maji mwezi Aprili, na mwezi uliofuata maelfu ya watu walipanga mstari katika mji wa Klamath Falls wakipokezana ndoo 50, moja kwa kila jimbo la nchi, hadi kwenye mfereji. Mwaka 2002 wakulima wakapewa maji. Septemba ya mwaka huohuo samoni waliokuwa wakipanda mto walisongamana katika maji machache yenye vuguvugu, magonjwa yakawashambulia matamvua, na samaki wasiopungua 34,000 wakafa kabla ya kutaga.

Jambo ambalo makala hayakuligusa kabisa, na ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote, ni hifadhi ya ndege ya Lower Klamath. Ilianzishwa na Rais Theodore Roosevelt mwaka 1908, ikiwa ya kwanza nchini humo kwa ajili ya ndege wa majini, na msimamizi wake ni Idara ileile ya Samaki na Wanyamapori. Hata hivyo, maji yake hupitia mitambo ya Bureau of Reclamation, na hifadhi husimama mwisho wa foleni, nyuma ya samaki na wakulima. Kwa hiyo idara inayotaka maji yabakizwe ziwani kwa ajili ya c'waam ndiyo hiyohiyo inayobaki ikiangalia hifadhi yake ikikauka. Mwaka 2020 ugonjwa wa botulizimu, ambao hushamiri ndege wanapobanana katika maji haba na ya moto, uliua ndege wanaokadiriwa kufikia 60,000 katika hifadhi za eneo hilo. Nilipita Lower Klamath Septemba 2022 nilipokuwa nimemtembelea binti yangu. Mahali ambapo ramani yangu ilionyesha ziwa nilikuta udongo uliopasuka vipande vya ukubwa wa sahani, wenye ukoko mweupe juu, na bango la wawindaji wa bata lililokuwa limesimama peke yake. Nilisimama pale karibu nusu saa bila kumwona bata hata mmoja.

Sasa nije kwenye mabwawa. Yote manne yalikuwa ya kampuni ya umeme ya PacifiCorp, wala hayakumwagilia shamba lolote. Leseni yake ya kuyaendesha, iliyotolewa na Tume ya Shirikisho ya Udhibiti wa Nishati, iliisha muda wake mwaka 2006, na kampuni ilipoomba nyingine, idara mbili za samaki zilitumia mamlaka ambayo sheria ya umeme inazipa, ya kumtaka mwenye bwawa ajenge ngazi za samaki, yaani njia za maji za kuwawezesha kulipita bwawa. Kampuni ikapiga hesabu, ikaona kwamba kubomoa kungeigharimu pungufu. Makabila ya Wayurok, Wakaruk na Waklamath, yaliyoshinikiza kwa miaka mingi, yalijua nguvu ya hesabu hiyo. Novemba 2022 Tume iliidhinisha leseni isalimishwe na mabwawa yabomolewe, lakini hata ubomoaji haukufanywa na serikali: ulikabidhiwa kwa shirika lisilo la faida lililoundwa kwa kazi hiyo, kwa fedha za wateja wa umeme na hati fungani za jimbo la California. Bwawa la kwanza liliondolewa mwaka 2023 na matatu yaliyosalia mwaka 2024. Oktoba hiyo samoni aina ya chinook walionekana tena upande wa Oregon, juu ya mahali mabwawa yalipokuwa.

Bwawa la Link River, lililokamilika mwaka 1921 kwenye mlango wa ziwa, bado liko palepale, na malango yake ndiyo yanayoamua nani apate maji. Ningemwomba mwandishi wenu, atakapoirudia habari hii, asianzie kwenye baruti na vumbi. Aanzie katika majira ya kuchipua, wakati Bureau of Reclamation inapotangaza mgao wa mwaka, kisha aulize ni lita ngapi zimeandikiwa ndege.

Mhandisi mstaafu wa maji,
Mbeya