Somoe, nilikudanganya kuhusu ada

Mikindani,
20 Julai

Mpendwa rafiki yangu Somoe,

Salamu nyingi zikufikie huko Lindi. Mimi, mama na wadogo zangu hatujambo, alhamdulillahi. Pole na zamu za usiku.

Shoga, miaka mitatu sasa nimekuwa nikikwambia kwamba niliacha chuo cha uuguzi kwa sababu ya ada, na wewe ukaniamini. Si kweli. Ada ilikuwa ngumu, lakini mjomba alishaahidi kuongezea. Nilikimbia.

Unaukumbuka usiku ule wa mwaka wa pili, mimi nimepangwa leba na wewe wodi ya watoto? Mama mmoja alijifungua vizuri, akachomwa uniti 10 za oksitosini ya kuzuia damu isizidi, kama tulivyofundishwa, kondo likatoka, na bado damu ikawa inatiririka mpaka inadondoka sakafuni. Sista akaniita nimpelekee sinia la vifaa. Nililishika, Somoe, na miguu ikakataa. Nasikia jina langu linaitwa, namwona yule mama midomo inapauka, nami nimesimama kama nguzo. Sista akaja mwenyewe, akalitoa sinia mikononi mwangu bila neno, akarudi kumkanda tumbo mji wa uzazi ukaze. Yule mama alipona. Asubuhi hakuna aliyenikaripia, na hilo ndilo lililonimaliza. Niliona wamekwisha kujua kuwa sifai.

Tangu hapo nabangua korosho na akina mama wa mtaani. Mafuta ya ganda yanaunguza vidole mpaka ngozi inabambuka, hata ukijipaka majivu. Siidharau kazi hii, inatulisha. Ila hapa hawajaacha kuniita nesi. Wananiletea kadi za kliniki niwasomee, nami kila nikiitwa hivyo moyo unanichoma.

Wiki iliyopita, baada ya isha, jirani alikuja na mwanawe wa miezi minane, anakohoa. Alitaka nimtajie dawa ya kununua dukani. Nikamfunua mtoto kifua, nikawasha saa ya simu, nikahesabu dakika nzima. Pumzi 56. Nikarudia, 58. Kwa umri ule zikifika 50 tu unajua si kikohozi cha kawaida, na huyu chini ya mbavu palikuwa panabonyea kila akivuta hewa. Nikamwambia, mama, dukani usiende, tuite bajaji sasa hivi. Tulikwenda wote hospitali, wakamlaza. Nimonia. Juzi amerudi nyumbani, ananyonya vizuri.

Somoe, mikono yangu haikutetemeka hata kidogo. Usiku ule sikulala. Lakini najua pia kwamba kuhesabu pumzi za mtoto si sawa na damu iliyofika sakafuni.

Nimepiga simu chuoni. Wanataka barua ya kuomba kurejea kabla Agosti haijaisha, na nitaanza mwaka wa pili upya, pamoja na wadogo ambao sisi tukivaa sare wao walikuwa sekondari. Hilo halinisumbui. Ada ndiyo safari hii imekuwa sababu ya kweli: inatakiwa chuo kikifunguliwa, na fedha ya korosho haionekani kabla ya minada ya Oktoba. Mama anasema atauza mbuzi wake. Sitaki auze mbuzi, halafu mimi nikimbie mara ya pili.

Wewe una leseni sasa, umezalisha wangapi sijui. Niambie, uoga ule huwa unatoka, au mtu anazoea kufanya kazi nao? Usinipe maneno ya kunifariji. Ukiona sifai, nambie usoni, kwako nitapokea.

Jumamosi nitapanda basi la asubuhi linalopita hapa barabarani, saa nne hivi nitakuwa stendi. Barua ya chuo nimeshaiandika, bado tarehe na sahihi tu. Nakuja nayo, pamoja na kilo mbili za korosho nilizobangua mwenyewe, nimekuchagulia zile nzima nzima.

Rafiki yako,
Zainabu