Hulka za mtu na kura yake

Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie dai linalorudiwa mno katika safu za maoni, kwamba hulka ya mtu ndiyo humfanya awe mhafidhina, yaani mwenye kushikilia mila na utaratibu uliozoeleka, au mliberali, yaani mwenye kupendelea mageuzi na uhuru wa mtu binafsi. Mwaka 2012 jarida la American Journal of Political Science lilichapisha utafiti wa Brad Verhulst na wenzake, uliotumia takwimu za pacha, ambao miongoni mwa mengine ulihusisha kipimo kimoja cha ukali na ukaidi wa tabia na misimamo ya kihafidhina. Mwaka 2016 jarida hilohilo likachapisha masahihisho: alama za misimamo ya kisiasa zilikuwa zimepangwa kinyume, na uhusiano uliotangazwa ulikuwa upande wa pili.

Kosa hilo lilivuta macho, na ni haki yake, lakini kwa maoni yangu limefunika jambo zito zaidi. Hoja kuu ya watafiti ilikuwa kwamba hulka hazizai misimamo ya kisiasa, bali vyote viwili huweza kuchipuka katika urithi mmoja wa kijenetiki, na wenyewe walishikilia kuwa hoja hiyo haikuguswa na masahihisho.

Hata uhusiano unaofahamika zaidi katika nchi za Magharibi, wa upenzi wa mambo mapya na uliberali, huonekana kwa wastani wa watu wengi, wala hautoshi kumbashiria jirani yako kura yake. Wachambuzi wenu wanapouandika, basi wataje pia udogo wake.

Msomaji wenu,
Morogoro