Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka 2024

Ndugu Wanachama,

Asalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, Bwana asifiwe. Nawashukuru mliofika. Mkutano wa chama chetu cha baiskeli uliitishwa saa tatu kamili asubuhi na tumeufungua saa tano kasorobo, tukiwa watu 19 kati ya 61 walioandikwa daftarini. Akidi kwa katiba yetu ni theluthi moja, yaani 21. Katibu amepigiwa simu na wawili wanaosema wako njiani, na tumekubaliana kuwahesabu.

Shughuli za kawaida mnazijua. Mizunguko ya Jumapili iliendelea, tulishiriki msiba mmoja na harusi mbili, fundi wetu alifundisha vijana kuziba pancha na kunyoosha rimu, na jezi mpya zilipatikana. Sina haja ya kuyarudia hayo.

Ada ni Sh 5,000 kwa mwezi. Kwa wanachama 61 tulitegemea Sh 3,660,000. Zimeingia Sh 1,410,000. Waliomaliza ada ya mwaka ni 22. Wengine wachache wametoa vipande vipande jumla Sh 90,000, na waliobaki wamelipa kwa ahadi. Nimekuwa nikituma ukumbusho kwenye grupu kila tarehe tano, na majibu ninayopata ni ya vidole gumba. Kidole gumba hakinunui tyubu. Nasikitika zaidi kwamba wanaouliza kwa sauti ya juu chama kinafanya nini, majina yao Mhazini anayo kwenye ukurasa wa wadaiwa.

Sasa naingia kwenye safari ya Dodoma, na hasa uamuzi wa Dumila wa kuwapandisha baadhi yenu garini, maana najua hilo ndilo lililowaleta wengine wenu leo.

Tuliondoka Kimara siku ya Nane Nane, tarehe 8 Agosti, kabla ya saa kumi na moja alfajiri. Walijiandikisha 34, wakalipa 26, wakatokea 23. Mpango ulikuwa wa siku tatu: kulala Morogoro, kulala Gairo, kisha kuingia Dodoma. Wapo waliotucheka kwamba treni ya SGR imezinduliwa wiki iliyotangulia na inafika Dodoma kwa saa chache, sisi tunakwenda kukanyaga pedeli siku tatu. Hao siwajibu.

Siku ya kwanza ilikwenda vizuri kuliko tulivyotarajia. Tulipita Kibaha na Mlandizi kwa mistari miwili, wa mbele wakikata upepo dakika chache kisha wanateleza nyuma na wengine wanachukua nafasi. Huu ndio utaratibu niliouleta mimi katika chama hiki, na nafurahi kwamba sasa hata waliokuwa wakiupinga wanautumia. Anayekaa karibu na gurudumu la mwenzake kwenye tambarare anapunguziwa kazi kiasi kikubwa, na hivyo hata asiye na mazoezi anavutwa na kundi. Kusi nayo ilikuwa upande wetu. Tulikunywa supu Chalinze, na kabla ya magharibi tulikuwa Msamvu, Morogoro, watu wote 23.

Siku ya pili tulichelewa. Chai ya tulikolala ilitoka saa mbili na nusu badala ya saa kumi na mbili, na wanachama wawili walikuwa na spoki zilizokatika ambazo walizijua tangu jana yake usiku na hawakumwambia fundi. Tukatoka Morogoro saa tatu. Kufika Dakawa tulikuwa na pancha nne. Tulipoingia Dumila ilikuwa saa nane na nusu mchana, jua liko kichwani, na kundi limekatika vipande vitatu ambavyo cha kwanza hakikioni cha mwisho.

Naomba mnisikilize hapa. Kutoka Dumila mpaka Gairo ni kama kilomita 65, na sehemu kubwa ni kupanda, zaidi ya mita 600 kwa jumla. Mlimani mwendo ukishuka, kukaa nyuma ya mwenzako hakukusaidii sana, kwa sababu unashindana na uzito wako na wa baiskeli yako, upepo hauna nafasi kubwa. Kundi haliwezi kumbeba mtu mlimani. Jua mwezi Agosti linazama kama saa kumi na mbili na nusu. Tulikuwa na saa nne. Kikundi cha mwisho kilikuwa kimetoka Morogoro mpaka pale kwa wastani wa kilomita 12 kwa saa, vituo vikihesabiwa, na hiyo ni njia iliyo tambarare zaidi. Hesabu hiyo haihitaji Mhazini.

Tena si hesabu tu. Pale chini ya mti, karibu na akina mama wanaouza nyanya na vitunguu, niliona kwa macho yangu mwanachama mmoja anashindwa kufungua chupa ya maji kwa sababu vidole vilikuwa vimekakamaa. Mwingine uso wote umeota chumvi nyeupe kama aliyenawa kwa maji ya bahari, na misuli ya mguu inaruka yenyewe huku anasema yuko sawa. Tairi la nyuma la wa tatu lilikuwa limeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Kati ya watu 23, wenye taa ya nyuma inayowaka walikuwa 11, ingawa taa ilikuwa ya kwanza katika orodha ya vifaa tuliyoitoa mwezi Mei. Na mnaijua barabara ile: malori yanapanda kwa gia ndogo, mabasi yanatafuta upenyo wa kuyapita, na lori lenye shehena ya mahindi likikupita karibu unayumbishwa kuelekea kwenye kingo.

Kwa hiyo niliagiza kwamba asiyeweza kupanda kwa mwendo wa kilomita 20 kwa saa apande Canter, gari letu la kusindikiza, na baiskeli yake ifungwe juu. Walipanda tisa. Nilishauriana na Katibu na fundi. Inasemwa sikushauriana na Kamati nzima. Kamati nzima ina watu saba, na wanne kati yao walikuwa Dar es Salaam wamelala.

Hoja zilizoletwa dhidi yangu ni tatu. Ya kwanza, kwamba mbona tulitoka Kimara gizani na sikuona hatari. Kimara mpaka Kibaha njia imepanuliwa, sehemu kubwa ina taa za barabarani, na saa ile magari ni ya kuhesabu. Kufananisha na vilima vya Gairo jioni ni kutafuta maneno.

Ya pili, kwamba mimi nilipendelea. Orodha ya mahudhurio ninayo hapa na mwenye kutaka aje aione. Kamati ilitangaza kwamba kila anayekwenda Dodoma afanye kwanza walau mzunguko mmoja wa Bagamoyo kwenda na kurudi. Katika tisa waliopanda gari, saba hawakuonekana Bagamoyo hata siku moja. Dada zetu wawili ambao hawakukosa mzunguko walifika Gairo jua lingalipo, na mmoja wao alikuwa mbele yangu. Mimi mwenyewe sikupanda gari hata mita moja. Nalisema si kwa kujisifu bali kwa sababu picha iliyosambazwa kwenye grupu, inayonionyesha nimekaa ndani ya Canter, ilipigwa nikiwa nasaidia kushusha baiskeli.

Ya tatu ni ya mwanachama mmoja aliyekataa agizo. Aliingia Gairo saa mbili kasoro usiku, akimulikiwa na bodaboda aliyemkodi Dumila kwa Sh 10,000. Anasema huo ni ushahidi kwamba ilikuwa inawezekana. Miguu yake naiheshimu. Lakini wenzake waliokuwa wamefika walikaa barabarani wakimsubiri badala ya kula na kulala, na mke wake alinipigia mimi simu mara nne, hakumpigia bodaboda. Nasikia sasa ndugu huyo anaungwa mkono na baadhi yenu kwa ajili ya uchaguzi wa mwakani. Ni haki yake ya kikatiba.

Siku ya tatu, kupitia Kibaigwa na Chamwino, wote tulipanda baiskeli na kuingia Dodoma alasiri pamoja, tukiwa na jezi moja. Hilo halizungumzwi.

Kuhusu fedha za safari: ziliingia Sh 4,680,000, yaani Sh 180,000 kwa kila mmoja wa waliolipa 26. Zilitumika Sh 5,015,000: Canter, dereva na mafuta 1,400,000, chakula na maji 1,380,000, malazi 1,050,000, ambayo Dodoma msimu wa Nane Nane yalikuwa ya kubembeleza, jezi 910,000, fundi, tyubu na dawa 275,000. Nauli ya kurudi kila mtu alijilipia. Upungufu wa Sh 335,000 niliulipa mimi na mpaka leo sijaudai, ingawa Mhazini ameuandika. Waliopanda gari wanaotaka warudishiwe theluthi ya mchango wao, Kamati imewakatalia. Walikula chakula kilekile na kulala vitanda vilevile, na gari walilipanda wao.

Kwa mwaka ujao, panapo majaliwa, tunafikiria Tanga, au Iringa kwa kupitia mlima wa Kitonga kama afya na mfuko vitaruhusu. Kuna mdau ameonyesha nia ya kutusaidia vifaa. Mazungumzo yanaendelea vizuri na sitamtaja kwa sasa. Tunatarajia pia kupata gari la pili, taa za pamoja, na wanachama wapya hasa vijana. Taa zitakaguliwa kabla ya kuondoka, na asiye nayo hatatoka Kimara. Hilo nimelipitisha tayari.

Jezi za watatu waliolipa na hawakuja bado ziko dukani kwa Mhazini. Mbili ni saizi kubwa na moja ni ndogo. Wenyewe wazifuate kabla ya mwisho wa mwezi, wakiwa na ada.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti