Me 262 ya usiku ambayo haikuwahi kuundwa

Ndugu yangu Salim,

Habari za huko? Michoro yako imenifikia na nimeipitia yote. Wazo lako la kuunda mfano wa plastiki wa Me 262, ile ndege ya kivita ya jeti ya Ujerumani ya Vita vya Pili vya Dunia, lakini ya usiku, yenye mabawa yaliyorudi nyuma zaidi na rada iliyofichwa puani, kwa kipimo cha 1/48, nimelipenda mno. Ila kabla hujashika msumeno, tukubaliane jambo moja: ndege ya kubuni inaaminika pale kila badiliko linapodai badiliko jingine. Mhandisi haongezi kitu bila kuuliza uzito utakwenda wapi.

Hata ndege yenyewe ilizaliwa hivyo. Mabawa yake yalirudishwa nyuma nyuzi 18.5 hivi si kwa kutafuta kasi, bali kwa sababu injini zilitoka nzito kuliko ilivyotarajiwa na mizania ikaharibika. Wewe ukiyafikisha nyuzi 30, nguvu ya kunyanyua nayo inarudi nyuma na pua inaelemewa, halafu unaipachikia rada pua hiyohiyo. Dawa iko nyuma. Toleo halisi la usiku, B-1a/U1, lile la viti viwili, lilipoteza nafasi ya tangi kubwa la nyuma kwa ajili ya kiti cha mwendesha rada, likabebeshwa matangi mawili ya lita 300 chini ya pua. Refusha mwili nyuma ya kiti hicho ili tangi lirudi ndani, na yale ya nje uyaache kwenye boksi. Mizinga nayo ipunguze kutoka minne hadi miwili. Kila mzinga, aina ya MK 108, una kilo 58 hivi, bila kuhesabu risasi zake, kwa hiyo rada itakuwa imelipiwa.

Kwa mwili, gundisha kwanza nusu mbili, zikauke, ndipo ukate mduara mzima nyuma ya kioo cha rubani ukifuata utepe mgumu uliouzungusha. Kipande cha kuongeza kiwe mm 15, yaani sm 72 za ndege halisi. Kijenge kwa bapa za plastiki za mm 1.5, kumi kwa idadi, kila moja ikizidi umbo la mwili kwa mm 1, kisha usage kwa msasa namba 240 hadi 800. Usizigundishe kwa gundi ya majimaji ya plastiki na kuendelea siku hiyohiyo: kimiminika kinabaki kati ya bapa, kinatoka polepole, na wiki kadhaa baadaye unaona mistari imezama chini ya rangi. Tumia supaglu. Na kwa kuwa mwili unaanza kuchongoka hapo, kipande kilichonyooka kitaonekana kama pingili ya muwa usipolainisha mm 20 mbele na nyuma yake.

Bawa ndiyo kazi yenyewe. Usiligeuze kwenye shina, maana injini zitatazama pembeni. Kata nje kidogo ya injini, halafu zungusha kipande cha nje nyuzi 12, ukiziacha kingo za nyuma zikigusana. Uwazi wa pembetatu utafunguka mbele, nao unaujaza kwa kabari. Hesabu yake ni rahisi: kila mm 1 ya upana wa bawa pale ulipokata inadai mm 0.21 ya kabari. Upana ukiwa mm 40, upande mnene wa kabari uwe mm 8.5. Pitisha waya mbili za shaba za mm 1 kila upande, ukilaza mabawa yote mawili juu ya mchoro mmoja hadi epoksi ishike, vinginevyo moja litapanda kuliko jenzake. Unene hautalingana sawasawa. Mlima huo unaondolewa kwa puti na subira.

Sasa angalia kinyume chake: ndege halisi ingeelemewa puani, lakini mfano wako utakalia mkia, kwa sababu sehemu kubwa ya plastiki uliyoongeza iko nyuma ya magurudumu makubwa. Funga kila kitu kwa utepe wa karatasi, uweke mfano juu ya penseli chini ya ekseli za magurudumu hayo, ongeza chubwi puani hadi pua iiname, kisha zidisha robo. Zisukume mbele kabisa, ndani ya kuba ya rada, yaani kile kifuniko cha mviringo cha puani, maana huko zinahitajika chache. Zishike kwa epoksi, kamwe si gundi nyeupe ya mbao: madini ya risasi huchakaa ndani yake, ikavimba na kupasua mwili.

Kuba yenyewe ifinyange kwa puti ya epoksi. Sahani (antena) ya rada ya Kijerumani iliyoitwa Berlin ilikuwa na kipenyo cha karibu sm 70, kwa hiyo pua isipungue mm 15 pale sahani inapokaa. Ziba matundu manne ya mizinga, toboa mawili mapya chini pembeni, nyuma ya kuba.

Kwa rangi, tafuta picha za “Red 8”, B-1a/U1 iliyopo kwenye jumba la makumbusho ya kijeshi Johannesburg. Juu ni mabaka ya kijivu, chini nyeusi. Viungo vya mwili vilijazwa puti kiwandani, basi usichimbe mistari mirefu wala kuijaza wino. Na ukiamua kuiweka mwishoni mwa 1945, usiipake alama za ushindi. Miili mingi ya ndege hizi ilitengenezwa na wafungwa wa kambi ya mateso ya Wanazi ya Gusen, Austria, ndani ya mahandaki, na wengi walifia humo. Sioni vema tuwabunie mabwana zao mafanikio ambayo hawakuyapata.

Kioo kibandike mwisho, kwa gundi nyeupe. Mvuke wa supaglu utakiacha na ukungu usiofutika kirahisi. Nitumie picha za maungio ya bawa kabla hujapaka praima, hapo bado panarekebishika.

Wasalimie nyumbani.

Wako,
Juma