Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Masomo ya Uzamifu: bamvu halingoji kikao

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Pokea salamu zangu za heshima. Nakuandikia hadharani kwa kuwa barua nne nilizoleta ofisini kwako zina mihuri ya kupokelewa na hazina majibu. Jina la chuo naliacha. Wewe unakijua, na mimi digrii yake bado naitaka.

Ijumaa iliyopita, saa kumi na moja jioni, ujumbe uliingia kwenye simu zetu: posho ya utafiti imesitishwa hadi hali ya uchumi itakapotengemaa. Basi, hayo tu. Mimi nilikuwa Kwale, pwani ya Kenya, tope la mikoko limenifika magotini.

Nikukumbushe, Mheshimiwa, kwamba uchumi huu umeshaugua mara nyingi ofisini kwako. Mapema 2023 mlipitisha bajeti yangu dola ikiwa karibu shilingi 123. Januari 2024 dola ilipita 160, na kemikali zetu huuzwa kwa dola, tukaambiwa tuvumilie. Mwaka huo huo shilingi ikapona, ikatulia karibu 130. Posho haikupona nayo. Juni 2024 Rais akakataa kutia saini Mswada wa Fedha, tukaambiwa serikali imekata bajeti. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kwa siku 90, tukaambiwa ni Marekani. Hili la mwisho lilinichekesha, maana barua yangu ya ufadhili inasema pesa ni za chuo chenyewe. Washington imefikaje kwenye nauli yangu ya matatu?

Labda pesa hizo zililipa mishahara. Labda ziko kwenye lile lango jipya. Nakisia tu, kwa kuwa hakuna anayetuambia.

Najua hata nyinyi mnabanwa. Sheria ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi ya 2013 inataka Hazina Kuu itoe asilimia 2 ya pato la taifa kwa mfuko wa utafiti, na sote tunajua hazijawahi kutoka zote. Lakini kama ulijua, ulipata wapi wino wa kutia saini ahadi ya miaka mitatu? Pesa za mwanafunzi ziwekwe kando kabla hajapokewa. Kama hazipo, asipokewe. Mimi niliacha kazi ya kufundisha sekondari kwa ajili ya saini hiyo.

Udongo ninaoupima huchimbwa siku za bamvu, yaani siku ambazo bahari hujaa na kupwa kuliko kawaida, maji yakishatoka mbali, kwa saa mbili hivi. Ukikosa, unangoja bamvu jingine. Halingoji kamati ya fedha ipate akidi. Na ukishachimbwa unataka baridi. Mirija yangu 64 imelala kwenye friza ya mama muuza samaki, chini ya samaki aina ya changu na tasi, na kila asubuhi ananiuliza tope langu litaondoka lini. Umeme ukikatika, silali.

Halafu kuna mzee wa mtumbwi. Ananidai shilingi 18,000, huu mwezi wa tatu. Nikimwamkia shikamoo, ananiitikia marahaba na hagusii deni. Afadhali angenitukana.

Nilikuwa nimeandika madai matano, nimeyafuta. Rudisheni posho. Kama haiwezekani, tupeni tarehe. Tarehe haina gharama, Mheshimiwa, wala haiuzwi kwa dola. Na kama tarehe nayo imeathiriwa na uchumi, basi mlipeni mzee wa mtumbwi 18,000 zake. Hati za malipo nimeziambatisha kwenye barua ya pili, ile yenye mihuri miwili kwa sababu karani wako wa kwanza aligonga wa tarehe ya jana.

Bamvu linalofuata ni wiki ijayo.

Wako mtiifu, kwa sasa,

Mwanafunzi wa uzamifu, mwaka wa tatu