Kubandika madesa mtandaoni si ufundishaji mseto

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linaloniumiza kuhusu kozi za mseto, zile ambazo mwanachuo husoma sehemu mtandaoni na sehemu darasani. Tangu vyuo vilipofungwa Machi 2020 na kufunguliwa tena Juni 1 mwaka huo, vyuo vingi vinajinadi kuwa nazo. Lakini ukifungua kozi zenyewe, mara nyingi unakuta slaidi za mwaka juzi, PDF ndefu na video ya saa nzima ya mhadhiri akisoma slaidi zilezile. Kisha anaingia darasani kuzisoma tena. Mwanachuo aliyekesha akisubiri bando la usiku ili apakue video hiyo amedhulumiwa.

Nafundisha uhasibu katika chuo kimoja hapa Iringa, darasa la wanachuo zaidi ya mia, na nimeona kwa macho yangu kwamba mseto ukipangwa unafundisha kweli.

Chukua mada ya urari, yaani orodha ya salio za akaunti zote, ambayo jumla ya upande wa debiti lazima ilingane na jumla ya upande wa krediti. Siku tatu kabla ya kipindi naweka sauti ya dakika nane, isiyofika MB 3, pamoja na picha moja ya leja ya duka la rejareja na maswali matano. Mwisho wa kujibu ni saa mbili usiku, kesho yake ndiyo kipindi. Nikipitia majibu nakuta wengi wameweka bidhaa zilizorudishwa na wateja upande wa krediti, wakizichanganya na zile ambazo duka limezirudisha kwa msambazaji. Basi asubuhi sianzi na maana ya urari, naanza na kosa hilo. Wanakaa wannewanne na urari uliopishana kwa shilingi 90,000. Wanahangaika kutafuta muamala wa 90,000 ambao haupo, mpaka mmoja anagawanya kwa mbili, maana kiasi kilichowekwa upande usio wake hupishanisha jumla mara mbili, na kuikuta 45,000 ya bidhaa zilizorudishwa, imekaa upande usio wake. Ubishi unaozuka hapo ndio kipindi chenyewe. Sauti ile haingeweza kuuleta, na bila yale majibu ya jana usiku nisingejua niuchokoze wapi.

Vifaa tunavyo. Moodle, inayotumiwa na vyuo vyetu vingi, ni programu ya bure ya kuendeshea kozi mtandaoni, na kwenye simu mwanachuo anaweza kupakua kozi akiwa chuoni kwenye waifai, kisha akafanya jaribio nyumbani bila intaneti. Ila sharti mwalimu aruhusu hivyo katika mipangilio ya jaribio lenyewe. Semina nilizohudhuria zilitufundisha kupandisha mafaili, hilo halikutajwa.

Wala hatuanzi sifuri. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa mwaka 1992, kililea wanafunzi wake kwa vitini na vipindi vya ana kwa ana kwenye vituo vya mikoa, zamani kabla ya simu janja. Kitini kilikuwa na kazi yake, na kukutana kulikuwa na kazi yake.

Kinachotukwamisha ni hesabu ya saa za kazi. Ratiba inahesabu saa za kusimama mbele ya darasa tu. Nusu ya vipindi ikihamia mtandaoni, mkufunzi anaonekana ana nafasi, anaongezewa darasa jingine. Mwenye madarasa manne hawezi kusoma majibu ya watu mia kila jioni. Atabandika PDF.

Ndiyo maana nawaomba TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu, na NACTVET, baraza linalosimamia vyuo vya ufundi: chuo kinapoomba ithibati ya kozi ya mseto, kidaiwe mpango wa wiki kwa wiki unaoonyesha kila kazi ya mtandaoni inaingiaje katika kipindi kinachofuata, itamgharimu mwanachuo MB ngapi, na mkufunzi amepewa saa ngapi za kusahihisha. Kozi isiyo na mpango huo irudishwe chuoni.

Mkufunzi wa uhasibu,
Iringa